Mama Kageha na Klorini ya Ijumaa

Sogeeni, nafasi ipo. Agneta Kageha alitoka Maragoli akapanga chumba mtaa wa Migosi, mjini, na mbuta, wale samaki wakubwa, walipoanza kukatwa minofu ya kupelekwa ng'ambo, akapata kazi katika kiwanda kimoja cha samaki kando ya ziwa. Hakukata samaki, yeye aliongoza kikosi cha kuosha. Sakafu yake iling'aa hata wageni wakawa wanaogopa kuikanyaga, naye akiwaona wanavyonyata alicheka kwa furaha.

Waliosha kwa klorini, ule unga mweupe unaochoma pua. Ilitakiwa kila jioni kidogo, Jumatatu mpaka Jumamosi. Lakini mnajua wenyewe, huku kwetu Jumamosi ni ya kuzika, na nani atabaki na ufagio ilhali shemeji yake anateremshwa kaburini? Basi kikosi kikakubaliana, Mama Kageha akiwemo: siku nyingine sabuni tu, unga uwekwe akiba. Ijumaa unamwagwa wote ndani ya maji ya moto, madirisha yamefungwa nzi wasiingie, watu wanasugua mbiombio. Kesho yake, hao matangani.

Ikaenda vizuri mpaka kifua cha Seline Amolo kilipoanza kulia kama filimbi. Seline alikuwa mjane, ana watoto shuleni, na katika kikosi hakuna aliyemshinda kusugua. Msimamizi, Bwana Joram, akamwita Mama Kageha.

"Unga wa wiki ni uleule tangu zamani," akasema. "Wengine wazima. Kifua chake ndicho kibovu. Mwisho wa mwezi aende nyumbani."

Mama Kageha akatoka nje. Alimshika Seline mkono wakaenda zahanati kwa Bwana Waliaula, daktari mpole asiyekuwa na haraka.

"Kinakubana lini?" daktari akauliza.

"Ijumaa, daktari. Jumamosi hata kuimba kanisani siwezi. Ikifika Jumatano, nimerudi sawa."

Daktari akataka kujua Ijumaa kunafanyika nini. Alipoambiwa, akaweka kalamu chini.

"Mama, usihesabu unga wa wiki nzima. Uliza unamfikiaje. Ukija kidogo, na hewa inapita, kifua kinapata nafasi ya kujisafisha. Ukija wote kwa mpigo, na mvuke wa maji ya moto, ndani ya chumba kilichofungwa, unaunguza. Na kifua kilichoungua mara nyingi huwa chepesi kuungua tena. Leo ni yeye. Ninyi wengine mnangoja zamu."

Mama Kageha alirudi kazini. Kumwelewa daktari haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwaambia watu waache Ijumaa yao.

"Yaani tuoshe kila jioni?" Dalmas akaruka. Huyu ndiye aliyekuwa na ndugu wengi kuliko wote kikosini, na kila wiki mmoja wao alikuwa anazikwa. "Mama Kageha, wewe kwenu Maragoli hamfi?"

"Tunakufa, Dalmas. Ila hatujiui kwanza ndipo tuwahi mazishi."

Wakacheka, lakini hakuna aliyekubali. Kesho yake, saa ya chakula, akaja na pakiti ya pilipili ya unga kutoka sokoni. Akamwambia Seline akae nje, mbali. Kisha akabandika kikaango kikavu jikoni kwa wapishi, wenzake wakila humohumo, kikapata moto, akanyunyiza pilipili kidogo. Watu wakaendelea kula. Akangoja, akanyunyiza tena. Mmoja akapiga chafya. Ndipo akafunga dirisha na kumimina pakiti yote iliyobaki.

Jamani! Dalmas alitoka wa kwanza, ugali mkononi, machozi yakimtiririka.

"Unatuua, mama!"

"Pakiti ni moja," akajibu, naye akikohoa. "Iliyokuja kidogo kidogo mlikula nayo. Iliyokuja kwa mpigo imewatoa mbio."

Kelele zikamleta Bwana Joram. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi moja tu, akarudi nyuma akifikicha macho. Alipoelezwa, hakutoa hotuba. Akasema wajaribu mwezi mmoja: maji baridi, madirisha wazi, nyavu zizuie nzi, unga kidogo kila jioni. Jumamosi wapokezane, wa msibani aende, wengine waoshe. Seline akikohoa tena kama zamani, ataondoka.

Mwezi huo Mama Kageha alisugua huku sikio moja liko kwa Seline. Dalmas alinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili ndiye aliyekuwa anafungua madirisha kabla ya kuambiwa.

Mwisho wa mwezi Bwana Joram akaja mwenyewe, akasimama karibu na Seline muda mrefu, akisikiliza. Seline akaendelea na kazi. Kifua hakikupona kabisa, na asubuhi za baridi bado kilimkumbusha. Lakini filimbi haikuwepo.

"Wewe," msimamizi akasema hatimaye, "gambuti zako zimechakaa. Chukua mpya stoo."

Hayo tu. Na anayefukuzwa hapewi viatu vipya. Kikosi kizima kilipiga vigelegele hata wakata minofu wakaacha visu. Na jioni hiyo Mama Kageha alitoka getini mbele ya wenzake, shingo juu, anatembea kama mama wa bibi harusi.