Farasi wa Mzee Fakihi

Babu yangu Fakihi, mhunzi wa Kitangari, ni mtu wa kusema kweli hata pasipotakiwa. Niliporudi nyumbani na nusu ya diploma ya mifugo, aliwatangazia majirani kwamba mjukuu wake amesomea ng'ombe mpaka kiunoni, kwato zimemshinda. Nikacheka nao. Babu na mjukuu ni watani, utamshitaki kwa nani? Sikuwahi kumwona ameinamisha kichwa, mpaka siku Mama Uwesu alipopanda kutoka Masasi juu ya lori la korosho, kisu kimefungwa kwenye pindo la khanga yake.

"Shikamoo, Mzee Fakihi."

"Marahaba, Mama Uwesu. Poleni na msiba."

Mumewe, Hamidu, alikuwa amefariki, na arobaini yake ilikuwa Ijumaa. Kwenye ukoo wao, siku hiyo mtoto mkubwa wa kiume hukabidhiwa kisu cha baba yake mbele ya watu, na anayekabidhi hutaja kilifuliwa na nani. Kisu chenyewe kilikuwa hoi. Kutu imekula makali, mchwa wamekula mpini.

"Kirudishe kama zamani," alisema mama. "Halafu uniambie ni kazi ya nchi gani. Marehemu alikipata kwa magendo, enzi za foleni za sabuni. Aliambiwa kimevuka Ruvuma kutoka kwa Wareno. Siku hizi za ruksa maduka yamejaa, lakini kama hiki sijakiona. Vya dukani vinapinda kwenye muhogo."

Hamidu namkumbuka. Kila alipokuja Kitangari kwa shemeji zake, alisimama mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni penye kisu hicho, akasema, "Fakihi, vyuma vyako vya springi za lori mpe mkeo akamenyee mihogo. Kisu cha mwanamume ni hiki." Babu, mwenye jibu kwa kila kiumbe, aliendelea kuvuta mvukuto wake. Mimi nilidhani ni ustaarabu.

Sasa alikipokea, akakigeuza mara moja, akakiweka chini.

"Sikijui," alisema. "Kazi ya mbali hiyo."

Alikisugua kwa majivu na ndimu, akang'oa mabaki ya mpini, akachonga mwingine wa mpingo. Huwa anaimba akifanya kazi. Siku hiyo hakuimba. Kutu ilipotoka, karibu na mpini ikajitokeza alama ndogo ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nikakidaka kisu, nikakipeleka kwenye mwanga. Elimu yangu ilikuwa imekaa muda mrefu bila ajira.

"Mama Uwesu, hawa Wareno farasi wao walimzalisha na nani? Tazama kwato, zimepasuka katikati. Farasi kwato yake ni moja, nzima. Huyu kichwa cha farasi, miguu ya mbuzi. Aliyemchora amekulia zizini kwa mbuzi, na farasi hajamwona hata ndotoni."

Nilicheka peke yangu. Mama Uwesu alikuwa anatazama mlango wa karakana. Pale babu alichonga mbuzi tangu sijazaliwa, mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma akivuta majani ya muhogo. Nimepita mbele ya mbuzi yule maisha yangu yote. Hakuna somo lake chuoni.

Babu alikuwa anapiga msasa mpini uliokwisha kulainika.

"Mzee Fakihi."

"Naam, mama."

"Huyu ni mbuzi wa nani?"

Babu aliweka msasa chini. "Farasi nilimwiga kwenye kopo la ng'ambo," alisema. "Kwenye kopo alikuwa kichwa tu. Miguu niliibuni. Visu vyangu watu walikuwa hawavitaki, wanataka vya nje. Nikampa mtu wa magendo, nikamwambia aseme vimevuka mto. Mumeo akanunua, kisha akaja kunionyesha."

"Na wewe ukanyamaza."

"Alishajisifu mbele za watu, mama. Ningeanzia wapi?"

"Amekutukana miaka yote na kisu chako kiko kiunoni mwake. Umemfanya mjinga mpaka kaburini."

Babu aliinamisha kichwa. "Nitamfuta farasi," alisema. "Nikipitisha tupa tu, basi. Hakuna atakayejua."

"Usimguse. Ijumaa utakikabidhi wewe. Utamwambia Uwesu ni kazi ya nani, kwa mdomo wako."

Ijumaa tuliteremka Masasi. Babu alivaa kanzu ya Idi, nami nilikuwa nimeandaa maneno ya kuchekesha, nimwokoe pakiharibika. Dua ilipokwisha akaitwa katikati ya mikeka.

"Kisu hiki nilikifua mimi, Kitangari," alisema, "kwa springi ya lori. Farasi huyu ni uongo wangu. Nilimdanganya baba yako, na alipokuwa hai sikumwambia."

Mtu mmoja alikohoa. Kina mama kwenye masufuria ya pilau waliacha kukoroga. Babu alibaki amesimama, akinitazama mimi, akisubiri watu wacheke, maana wakicheka angepata ruhusa ya kukaa. Maneno yangu niliyameza, nikatazama mkeka.

Uwesu alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Ahsante, babu," alisema. Akapitisha makali kwenye vinyweleo vya mkono wake, vikaondoka kama kwa wembe. Kisha akakichomeka kwenye ala fupi iliyomwacha farasi nje, akakifunga kiunoni, upande wa farasi ameugeuzia mwilini.