Mvutaji wa Magari ya Mbio

Enyi wapenda kelele wote wa Indiana, vueni kofia: namleta mbele yenu mzee mmoja aliyehudhuria mashindano ya magari miaka kumi na tisa bila yeye mwenyewe kuzidi mwendo wa trekta. Kazi yake ilikuwa kuvuta. Kila Jumapili asubuhi alifunga gari la mbio la mtu nyuma ya gari lake la familia kwa chuma cha pembetatu, akakipiga kofi mara mbili kwa kiganja kinachonuka grisi, ndipo tukaondoka, mimi nikiwa nimeketi kando yake, taratibu katikati ya mashamba ya mahindi. Mpaka leo naliona lile gari la nyuma likitufuata ndani ya ukungu, kimya, halina mtu, usukani ukijizungusha wenyewe kwenye kona kama linaota.

Jumapili moja Verlin, mwenye gari la mbio la siku hiyo, aliyeiunda injini yake majira yote ya baridi, alikuwa amekwisha kupanda pamoja nasi gari la mbele. "Mzee, twende bwana! Konokono wanatupita!" Mzee alirudi nyuma, akapenyeza mkono kwenye dirisha la gari la mbio, akaitikisa gia. Verlin alikuwa ameisahau kwenye namba moja badala ya frii, ambapo magurudumu huzunguka bila kuigusa injini. Tungefika barabara kuu vile, magurudumu yangeizungusha injini mpaka ipasuke. Verlin alishuka, akakaa kwenye changarawe.

"Mzee wangu, umeniokoa. Nikushukuruje?"

Mzee akapangusa kiganja kwenye suruali. "Usinishukuru. Injini ingepasuka tusingefika, na kule kwenye mbio, katikati ya zile kelele, ndiko ninakopata usingizi."