Wake Wenza wa Athanasie

Shemeji yangu Silvère alikuwa fundi redio huko Gisozi, na redio ndizo zilizomlisha. Moyo wake lakini ulikuwa kwa injini kuukuu za mashine za kusaga nafaka, zile nzito zenye gurudumu la chuma ubavuni, ambazo hufungwa kwenye saruji zikanguruma hapo hapo miaka na miaka. Umeme ulipofika, wenye mashine walizitupa. Yeye akaziokota, akazijaza uani mpaka dada yangu Athanasie akakosa pa kuanika nguo.

"Hawa ni wake wenzangu," Athanasie alikuwa akiniambia, akicheka. "Wao wanapakwa mafuta kila siku. Mimi nangoja Noeli."

Siku moja nilimwuliza Silvère anapata nini humo. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya injini iliyokuwa ikinguruma.

"Sikiliza, shemeji. Kila moja iko na sauti yake. Gari inakuacha, inaenda. Hii iko hapa, inakaa na wewe."

Nilihisi mtetemo hadi kwenye kiwiko. Sitasema uongo, ulikuwa mtamu.

Mwezi wa pili 1994 nilitoka Bukoba, nilikoolewa, kuja kuwachukua. Siku hizo watu wa kabila letu walitukanwa njiani mchana kweupe, na vijana wenye marungu walipita wakiimba nyimbo za kuua. Athanasie alikuwa ameshafunga mizigo. Silvère je?

"Iko moja nimetoa Rwamagana, ya zamani ya Wabelgiji. Haijawaka bado. Ikiwaka tu, tunakuja."

Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo. Akacheka, mjinga yule. Dada akafungua mizigo yake, kwa kuwa hakutaka kumwacha mumewe. Nilipanda basi peke yangu, nikilia kwa hasira.

Mwezi wa nne wakaanza kuua. Athanasie aliuawa kwenye kizuizi cha barabara, yeye na mumewe wakijaribu kutoka.

Nilirudi Agosti, vita vimekwisha. Mabati ya nyumba yalikuwa yamebebwa, milango imebebwa, hata masufuria. Injini zote zilikuwepo. Hakuna aliyeweza kuzinyanyua.

Silvère alikuwa amekaa katikati ya injini hizo, amekonda, ana kovu shingoni. Njia nzima kutoka mpakani Rusumo nilikuwa nikipanga matusi ya kumporomoshea. Nilimchukia. Nilimhurumia pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Matusi yote yakapotea, nikabaki na swali moja.

"Iliwaka?"

Aliweka kiganja juu ya injini iliyokuwa mbele yake.

"Iliwaka, shemeji. Jumatano jioni, kesho yake wakaanza kuua. Athanasie alipiga makofi, akaingia ndani kufunga mizigo."