Nahodha wa Sebuleni

Kuna watu wana kochi sebuleni, kuna wenye kabati la vyombo, na kuna mama mmoja aliyekuwa na mtumbwi. Mtumbwi mzima, jamani, umelala kutoka mlango wa jikoni mpaka chini ya dirisha, umekazwa kwa vigogo usiyumbe. Ulikuwa na ufa tumboni usiozibika, ndiyo maana kampuni ya safari ilitaka kuutupa. Mumewe, aliyekuwa mwongoza wageni mtoni, akauokota akaja nao nyumbani anachekelea. Kochi likahamia kwa wifi. Tangu siku hiyo mgeni akipiga hodi alipewa kiti cha plastiki, na mwenye nyumba akamwamkia akiwa ndani ya chombo.

Wifi, dada wa mume, ndiye aliyembandika jina la Nahodha wa Sebuleni, na jina likashika. Hata muuza mboga akipita dirishani alikuwa akiuliza kama Nahodha ametia nanga leo au yuko safarini. Mama alicheka. Miaka ya mwanzo alicheka kweli.

Msije mkadhani mume alikuwa na wazimu. Mambo haya yalianza kwa mapenzi, na hapo ndipo uchungu wake ulipo. Walipooana alikuwa akirudi kutoka mtoni na kumsimulia mkewe kila kitu: maji yanavyonyamaza pale msitu unapoanza, kisiwa cha mchanga mweupe ambako wageni hupiga mahema, ukungu wa asubuhi ambao ukiupitia nywele zinalowa. Mke akasema nipeleke. Mume akasema nitakupeleka. Kabla hawajaenda, akajifungua mtoto wa pili kwa taabu, nyonga ya kulia ikaharibika, akawa hawezi kukalia ubao mtupu hata kwa muda wa kunywa chai.

"Ngoja nikutengenezee kiti," mume akamwambia. "Ule ubao utakuua. Nikikipata kiti sawasawa, siku hiyo hiyo tunakwenda."

Na kiti akaanza kukitengeneza, si maneno matupu; ule mtumbwi mbovu aliuleta sebuleni ili wakijaribie humo. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alisema kiti chochote ni kizuri ukikikalia sasa hivi. Ubaya wake hujitokeza makalio yakichoka. Kwa hiyo hakuuliza kitu mapema. Jioni mke anaingia mtumbwini, anakaa. Anamenya viazi humo. Anashona vifungo vya sare za watoto humo. Mtoto wa pili alinyonya humo mpaka akaacha. Mume anakwenda zake, anarudi, na hapo ndipo anapopiga magoti kando yake na kuuliza wapi panauma. Mke anaonyesha kwa kidole, mume anapiga alama ya chaki, anafumua turubai, anapunguza sponji huku, anaongeza kule, na kesho yake wanaanza upya.

Mwili wa mama yule ulifundisha mambo mengi. Ndio uliogundua kwamba takia linatakiwa kuwa nene mbele kuliko nyuma, ili mapaja yabebwe na kiuno kipumzike. Ndio uliogundua kwamba egemeo la mgongo lisipande juu ya mbavu za chini, maana likipanda viwiko vinaligonga kila unapovuta kafi, na kwamba kipande cha sponji chini ya visigino kina faida kuliko mito yote unayoweza kurundika mgongoni. Yeye ndiye aliyeshona chandarua kwenye ukingo wa kofia pana, kikishuka mpaka mabegani, kwa ajili ya wadudu wa magharibi. Yeye ndiye aliyesema nguo moja kavu ifungiwe kwenye mfuko usiopitisha maji, iwe ya kulalia tu, isiguswe mchana hata kama mtu anatetemeka. Na chupa ya maji moto ivishwe soksi, iwekwe miguuni kabla ya kulala.

Wageni wakarudi wakimwaga sifa. Mume naye hakuwa mchoyo, aliwaambia yote yametoka kwa mke wangu. Basi wakawa wanampigia simu kabla ya kusafiri, hasa wanawake, kuuliza wavae nini, wabebe nini. Naye anawajibu kwa utulivu kabisa, mguu kaunyoosha mtumbwini. Usije na jinzi, ikilowa haikauki. Viatu viwe vya kufunga, ndala zitachukuliwa na maji. Usisubiri kiu ndipo unywe. Mmoja akamuuliza mara ya mwisho alikwenda lini. Akasema mtandao unakatika, akakata simu.

Maana hakwenda. Kila kiti kilichokaa sawa kilipanda gari la kampuni. Hiki wacha wakatumie wageni, mume alisema, chako kinatakiwa kiwe bora zaidi ya hiki. Msimu ukipita, anapata wazo jipya la mkanda au la kitambaa, na mke anapigwa kalenda tena. Wanawe wakakua, wakatoka nyumbani, bado yeye yumo mtumbwini. Na sikilizeni, hakuwa mjinga. Alijua anazungushwa. Asichojua ni kama mwenzake naye anajua.

Mwaka ule, hatimaye, ikaonekana kama safari ipo. Bosi alisema kuna wiki haina wageni, mtumbwi mmoja uko huru. Mume akaja na habari hiyo hata viatu hajavua. Kiti kilikuwa tayari, kizuri kuliko vyote vilivyotangulia, cha turubai ya kijani, kimekatwa kwa umbo la nyonga ile ya kulia. Mama akafungasha. Nguo kavu akaifungia mfukoni kama alivyowafundisha wengine. Akajaribu kofia mbele ya kioo, akaivua, akaivaa tena. Wifi akaja kumtania kwamba Nahodha ataugua kizunguzungu akikutana na maji ya kweli, na wakacheka mpaka wakashika mbavu. Usingizi ulimruka kwa furaha, mtu mzima na wajukuu.

Siku moja kabla ya safari, mchana, mume aliingia akapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Akakigeuza. Akachomoa chaki.

"Hebu kaa kidogo nikupime," alisema. "Kuna bibi mmoja anakuja na mumewe, wazee wa watu. Nyonga yake ni kama yako, mwili wake kama wako."

Hakusema safari imevunjika. Hakusema samahani. Alisema nyonga yake ni kama yako, tena kwa sauti ya mtu aliyepata bahati.

Mama alisimama na taulo mkononi, taulo alilokuwa analikunja kwa ajili ya mfuko. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumtupia lile taulo. Badala yake aliliweka mezani, akaingia mtumbwini, akakaa. Mume akaingiza kipande kipya cha sponji ngumu upande wa kulia, akakaza mkanda, akamwacha akae kama kawaida yao. Kadiri alivyokaa, kile kipande kilimchimba kwenye nyonga kama msumari, maumivu yakashuka mpaka gotini. Mume akarudi, akapiga magoti.

"Wapi panauma?"

"Hapaumi," mke akasema. "Pazuri hapo. Kaza kidogo zaidi."

Mume akakaza, akashona kwa uzi mnene, akamshukuru. Asubuhi akaondoka na kiti, na kofia, na ule mfuko wa nguo kavu, maana bibi wa watu hakuwa na wake.

Zile siku zilizofuata mama hakukaa mtumbwini. Alikaa jikoni. Hasira ilipotulia, akaanza kumwona yule bibi, asiyemjua, asiyemkosea chochote, akiwa katikati ya maji, hawezi kusimama wala kujigeuza. Roho ikamuuma. Wifi alipokuja alimkuta anasugua sufuria iliyokwisha takata, akamuuliza ana nini. Mama akamwambia yote.  Wifi akasema, sasa si ungemwambia tu hutaki? Mama akamjibu kwamba kusema amesema, tangu hawajapata mvi.

Safari iliishia njiani. Yule bibi alivumilia mpaka kwenye kisiwa cha mchanga, kisha akashindwa kushuka. Mume alimbeba mgongoni, naye bibi analia kimya kimya na kuomba radhi kwa usumbufu. Kesho yake wakageuza. Bosi alimsema mume mbele ya madereva na wapishi, akamwambia uzee umemwingia mikononi.

Mume alirudi nyumbani amenyauka. Hakuoga, hakula. Aliketi sakafuni kando ya mtumbwi, kiti kikiwa mapajani, anakibonyeza huku na huku, anakipekua mshono kwa mshono. Mke alimtazama kutoka mlangoni. Alikuwa amepanga kunyamaza, lakini alipoiona mikono ile inarudia mshono ule ule, akasogea, akaketi naye chini. Alifikiri sasa wataongea. Alifikiri, akijua nilichofanya, atauliza kwa nini, na akiuliza kwa nini, nitamwambia yote tangu mwanzo.

"Nilikudanganya," akasema. "Siku ile uliponipima. Paliniuma sana, nikasema pazuri, nikakwambia ukaze. Nilifanya makusudi."

Mume akaacha kupekua. Akainua uso, akamtazama mkewe, na mke akauona ule uso ukibadilika kidogo kidogo, mikunjo ikilegea, mabega yakishuka. Aliisubiri ile hasira. Aliitaka.

"Kwa hiyo si uzee," mume akasema. "Mikono yangu haina kosa."

"Haina."

Akashusha pumzi ndefu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Afadhali," akasema.