Wimbo Uliobaki na Kijapani Chake

Tamthilia ya Kijapani ilipoonyeshwa Maskati mwaka 1995, wahusika walitiwa sauti za Kiarabu, lakini wimbo wake uliachwa na Kijapani chake. Bi Bakhita wa mtaa wa Ghubra mjini humo, mshona kofia, aliunasa kwa sikio tu. Akawa anaushonea: ubeti mmoja, safu moja ya vitobo vya kofia. Kila akiuimba humjia dada yake, aliyezikwa Unguja naye Bakhita hayupo mazikoni.

Miaka kumi baadaye mjukuu wake, Rahaf, akauona kwenye intaneti, pamoja na tafsiri yake.

“Bibi, nikusomee unasema nini?”

Sindano ikasimama.

“Usinisomee, mwanangu. Miaka yote hii mie nnamwimbia dada yangu. Ukinisomea, ntakuwa nnamwimbia ndugu wa mtu mwengine.”

Akaanza safu nyengine.