Maboksi Matupu ya Mama Najlaa

Walianza kumsema kwa sababu ya kucheka. Itimad, mjane wa Fathallah, alikuwa akishinda kibarazani akiwamenyea wauza mboga vitunguu saumu, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, kinavuka barabara. "Maskini gani anacheka hivyo?" wanawake wakaulizana. Tuseme ukweli, walitaka alie. Tangu mumewe aangukiwe na ukuta wa tanuri la matofali, serikali ilikuwa ikimpa kadi ya msaada, na kadi hiyo ndiyo iliyonunua nepi na dawa za presha za mama mkwe wake, Bibi Zakia, ambaye huu ni mwaka wa nne yuko chini, hainuki. Kadi ikikatwa, bikizee huyo hana pa kushika.

Sasa, kwetu bibi arusi hatoki kimya kimya. Vyombo vyake hupakiwa kwenye pikapu na kuzungushwa mji mzima kwa ngoma na honi, picha ya kila boksi ikiwa imegeuziwa nje, asije mtu akasema hakuona. Najlaa, binti pekee wa Itimad, alipoposwa na fundi rangi wa kijiji cha pili, mama yake alikuwa na magodoro, masufuria, mazulia mawili na friji ndogo. Pikapu moja, tena haijai.

Haja Kauthar, jirani yake wa mlango kwa mlango, ambaye mwanawe anauza vyombo vya umeme, akaja mbio.

"Pikapu moja, Mama Najlaa? Unataka kutuvua nguo mtaa mzima?"

"Nyingine nitoe wapi, Haja?"

"Nani kakwambia utoe? Dukani kwa mwanangu maboksi matupu yamejaa tele. La televisheni, la mashine ya kufulia, mpaka la ile ya kuoshea vyombo. Yafunge utepe, weka juu, basi! Nani atafungua?"

Itimad hakuridhika. Akamwendea mama wa bwana arusi, akamweleza wazi. Yule mama, badala ya kukataa, akasema pikapu nne ndizo za heshima, na akaanza kujisifu kijijini kwao kabla hata gari halijawashwa. Basi wakapakia, vigelegele vikapigwa mpaka watu wakakauka koo. Kule, wanawake wa upande wa bibi arusi ndio hupanga nyumba, kwa hiyo hakuna mgeni aliyeona kitu. Maboksi yakakunjwa, Itimad akarudi nayo, akayatandika chini ya godoro la Bibi Zakia kuzuia unyevu wa sakafu.

Mwezi wa pili baada ya arusi akaja afisa kutoka ofisi ya misaada, Ustadhi Wagdi, na mkoba wake. Kuna barua imefika, akasema, kwamba mwenye kadi hii ana mali. Akakusanya wanawake watano wa mtaa, maana ndio utaratibu: majirani hushuhudia nani anastahili na nani hastahili. Itimad akakalishwa mbele yao.

Bi Inshirah, aliyekuwa na kadi ya aina ile ile, ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Mimi si mtu wa fitina, ustadhi. Lakini mashine ya kuoshea vyombo niliiona kwa macho yangu haya mawili. Mimi mashine yangu ni hii mikono."

"Na kucheka anacheka," akadakia mwingine.

"Tena kwake palinuka bata, Ijumaa ile!"

"Bata wa arusi ya mwanangu!" Itimad akapiga kelele.

"Bata ni bata, dada."

Itimad akamgeukia Haja Kauthar. Sema basi, mama wee, si maboksi yako yale? Haja akakodolea macho tasbihi yake kama anaiona leo.

"Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo ndani," akasema.

"Mama," akauliza Ustadhi Wagdi, "mashine hiyo ulinunua au hukununua?"

Neno moja tu lilitosha kumwokoa. Lakini neno hilo lingefika kijiji cha pili kabla ya alasiri, yule mama wa bwana arusi aliyejisifia pikapu nne angeaibika, na hasira zake angezimalizia kwa nani kama si kwa Najlaa, anayeishi ghorofa ya juu ya nyumba yake na mimba changa tumboni?

"Nilinunua," akasema Itimad.

Kadi ikakatwa siku hiyo hiyo. Nepi zilipokwisha akachana kanzu zake mbili kufanya vitambaa. Dawa akampa bikizee siku moja, siku ya pili hapana. Akaacha kucheka. Na wale wale wanawake wakaanza kutikisa vichwa: masikini, siku hizi kweli anastahili, mwakani tumwandike. Mwakani! Utadhani mgonjwa anaweza kujizuia mpaka mwakani. Inaudhi, Wallahi inaudhi.

Jumanne moja Inshirah akabisha hodi.

"Mama Najlaa, binti yangu anatoka Alhamisi. Haja kaniambia maboksi unayo wewe."

Itimad akaja juu. "Kwa hiyo sasa unajua yalikuwa matupu!"

"Najua tangu siku ile. Sote tulijua. Mpagazi alibeba mashine ya kufulia kwa mkono mmoja huku anavuta sigara."

"Na bado ukanishuhudia vile, Inshirah? Mimi nimekukosea nini?"

"Ulitaka niseme nini mbele ya mtu wa serikali? Kwamba mtaa wetu unazungusha maboksi matupu? Wewe mwenyewe mbona hukusema?" Kisha akashusha sauti. "Utanipa au hunipi?"

"Watakukatia kadi na wewe, mjinga wee!"

"Na nisipoyapakia watasema nini?"

Itimad akamviringisha Bibi Zakia ukutani, akayavuta maboksi, moja lina doa la mkojo pembeni, akamtupia miguuni.

"Safari hii tia matofali ndani," akasema.

Alhamisi pikapu nne zikapita, honi juu. Itimad akasimama mlangoni, mikono inanuka vitunguu, akapiga kigelegele kirefu kuliko wote, maana asingepiga wangesema ana kijicho.