Jina la Tatu kwenye Ratiba ya Masalu

Wilhelmina ana steshenari Igoma, mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu, na kwa miaka tisa sijawahi kumwona akishindwa na karatasi. Barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, kadi za harusi, vyote huvimaliza huku akinibishia habari za mpira. Siku aliyoshindwa na PDF nilimcheka sana, halafu nikaacha kucheka.

Aliyeileta ni Mzee Luhende. Kaka yake, Masalu, jirani yetu, alikuwa amefariki, na kesho yake tulikuwa tunakwenda kumzika Sengerema. Ratiba ya mazishi ilitengenezwa na mpwa wao aliyeko Dodoma, ikatumwa kwa simu ikiwa PDF.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Hapa kwenye watoto wa marehemu, nitolee hili jina la tatu."

Jina lilikuwa Adoyo. Igoma nzima tulijua Masalu alizaa binti na mama mmoja wa Musoma kabla ya ndoa yake. Ukoo haukutaka asimame mbele ya watu kuweka shada pamoja na Alexander na Gladness. Nilikasirika, lakini fundi cherehani ni nani kwenye msiba wa watu?

Wilhelmina akabofya jina. Halikushikika. Akabonyeza kitufe cha kufuta, hakikufutika kitu. Akalifungua faili kwa programu ya kuandikia, picha ya marehemu ikakalia sala ya ufunguzi na muda wa chakula ukahamia kaburini.

"Jamani, hii ni nini sasa? Maandishi nayaona, mbona hayafutiki?"

Mwishowe akachora kiboksi cheupe, akakiweka juu ya jina. Kwenye kioo, safi. Kwenye karatasi, safi. Akatoa nakala mia moja, na faili akamrushia Luhende, naye akalituma kwa Nestory, mshereheshaji.

Sengerema mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye mashada. Nestory haoni vizuri herufi ndogo. Kwa hiyo, alituambia baadaye, alikuwa amenakili maneno yote ya lile faili, akayabandika mahali pengine kwenye simu yake na kuyakuza; kiboksi kikabaki kwenye faili, jina lililokuwa chini yake likaja na mengine.

"Watoto wa marehemu," akasoma. "Alexander. Gladness. Adoyo."

Nyuma kabisa, katikati yetu majirani, mwanamke mmoja akainuka polepole, akitazama kushoto na kulia, hana hakika kama ni yeye aliyeitwa. Gladness akamngoja. Wakalishika shada moja.

Wilhelmina aligeuza karatasi yake mbele na nyuma. Jina halikuwepo.

"Nililitoa," akaninong'oneza. "Si uliniona?"

Nilimwona. Hata mimi wakati ule sikuelewa limetokea wapi, ila nilifurahi, nasema wazi. Mzee Luhende alikuwa ametukazia macho kutoka kwenye viti vya ukoo.

Wakati wa chakula Adoyo alitufuata.

"Dada, nimeambiwa ratiba umeiandaa wewe." Akamshika Wilhelmina mikono yote miwili. "Nilikuja nikijua sitatajwa. Asante kwa kuniandika."

Wilhelmina akaangua kilio kuliko wafiwa wenyewe, na Adoyo ndiye aliyembembeleza.